Makondo ya Kambi Muru

Nina miaka sitini na saba na uso wangu hauna mikunjo. Nalisema hilo bila haya kwa sababu kila mtu wa Kambi Muru ameshalisema kabla yangu, hata wasionipenda. Wanawake walikuwa wakinisimamisha njiani, wananibonyeza shavu kana kwamba wanachagua nyanya, wananiita habuba, yaani bibi kwa Kinubi chetu, wananiuliza: Habuba Kaltuma, wewe unapaka nini? Nami nawajibu kwa maringo yangu yote kwamba ni dilka, mtama uliosagwa na msandali na karafuu, ukafukizwa moshi mpaka ukawa mweusi, ukasuguliwa mwilini kila Alhamisi kama walivyofanya bibi zetu Wanubi tangu walipofika Kibera na waume zao askari. Niliwauzia dilka hiyo kwa vikopo. Niliamini kila neno nililowaambia, na hilo lijulikane mapema, maana yanayofuata hayanipambi.

Dilka ni kazi ya pembeni. Mimi ni mkunga, au nilikuwa, kabla hatujaambiwa wanawake wote wakazalie zahanati. Sikununa sana. Zahanati ina taa na dawa ya kuzuia damu, mimi nilikuwa na beseni na dua. Lakini kuna kitu kimoja ambacho zahanati haikukitaka, nacho ni kondo la nyuma. Sista humpa mwenye kuliomba, na kwa miaka arobaini makondo ya watoto wa huku, wawe Wanubi, Wajaluo au Wakamba, yamefika mlangoni pangu ndani ya kopo, kopo limefungwa kwa kipande cha leso aliyojifungua nayo mama. Nililiosha kondo, nikalifunika kwa kipande kile kile, nikalizika uani kwangu, kati ya ukuta na bafu.

Mtu asiyekaa Kibera anaweza kucheka. Mpangaji hana ardhi, na chumba chake kinaweza kuvunjwa wiki ijayo apishe barabara. Lakini akienda kwao akaulizwa kondo la mtoto limezikwa wapi, ana jibu. Anasema Nairobi, Kambi Muru, uani kwa Mama Khalid. Mtoto ana mahali pake, hata kama ni pa ukubwa wa sahani.

Mwaka jana mwanangu Khalid alijenga vyumba vipya vya kupangisha, akamwaga simiti ua mzima. Nilikubali, ni mwanangu na ni plot ya baba yake. Ila wanawake waliendelea kuja na makopo yao, nami sikuwa na moyo wa kuwaambia kwamba udongo wangu umekwisha. Hapo ndipo Hanan, mke wa Khalid, aliponiondolea tabu. Alisema mama yake mzazi ana kashamba ka sukuma wiki kule Kawangware, atakuwa anayapeleka na kuyazika huko. Nilimshukuru mpaka nikamwombea dua. Na mama wa mtoto akiniuliza, nilimwambia nimelizika mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Ulikuwa uongo mdogo, nikauzoea kwa miezi minane.

Mkwe huyo huyo ndiye aliyeanza kuniletea mafuta ya uso, kwenye kikopo cheupe chenye kifuniko cha bluu. Aliniambia ni ya parachichi, ya kulainisha ngozi ili dilka isinikwaruze. Nilimwona ni mkwe mwenye adabu kuliko wote.

Basi ilikuwa Alhamisi, saa sita unusu mchana. Nilikuwa nimeketi barazani nikipeta mchele Adero aliponijia mbio, kiatu kimoja mkononi. Adero ni Mjaluo, anauza omena kule kijiji cha Raila, hapa hapa Kibera, na mimi na yeye tumejuana tangu mwanawe Nashon akiwa tumboni. Nashon nilimpokea mimi. Mwezi wa tano uliopita Nashon alipata mtoto, Jeremy, na kopo la Jeremy Adero alinikabidhi yeye mwenyewe. Na juzi, Jumatano alfajiri, binti yake Mitchelle alijifungua msichana zahanati, kopo likanifikia kabla ya chai ya saa nne, nikalifunga kama kawaida, Hanan akaondoka nalo. Juzi nasema kwa mazoea. Ilikuwa jana yake tu.

"Mama Khalid," akasema, "ile kitu ya Mitchelle ulishika na gloves?"

Nilimwambia mimi na glavu tulikutana wapi. Akaketi chini pale pale kwenye simiti. Zahanati ilikuwa imempigia simu asubuhi. Mitchelle hakuhudhuria kliniki ya wajawazito mpaka siku ya uchungu, kwa hiyo damu yake ilipimwa akiwa tayari kitandani, na majibu yamekuja leo. Ana ugonjwa wa ini, ule wanaouita B. Mtoto amedungwa chanjo tayari na daktari amesema kuna matumaini makubwa. Lakini daktari aliuliza nani mwingine amegusa damu, kila mtu akapimwe, na Adero hakungoja kumaliza kuuza omena yake.

Nilimtuliza. Mikono yangu haikuwa na kidonda, nikamwambia nitakwenda kupimwa. Akaniuliza kama nimelifukia chini vya kutosha, mbwa wasije wakalichimbua wakaeneza ugonjwa. Nikafungua mdomo kusema nimelizika mwenyewe, kisha nikamwona Hanan amesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi. Macho yetu yalipokutana aliyakwepa, akarudi ndani haraka.

Nilimwambia Adero arudi kwa Mitchelle, nitamfuata. Alipotoka nikaingia jikoni, nikafunga mlango.

"Liko wapi?"

"Mama, usinipige."

Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani mwangu, na siku ile nilikaribia. Aliyasema yote kwa haraka, macho kwenye sufuria. Hakuna shamba la sukuma wiki. Lilikuwapo, likajengwa nyumba kabla hata ua wangu haujamwagwa simiti. Makondo alikuwa anayapeleka Kawangware, kituo kinachoitwa 46, kwa mwanamke anayeitwa Eddah, mwenye chumba cha kurembesha ngozi. Hakulipwa hata shilingi. Eddah alimwahidi kumfundisha kazi na kumpa kiti chake mwenyewe, kwa sababu Hanan alichoka kukaa nyumbani kwangu akinisagia mtama.

Nilimuuliza Eddah anayafanyia nini. Hanan akanieleza, na hata katika ile hofu niliona kwamba alikuwa ameyasoma mambo hayo vizuri. Huko kwa wenye uwezo, alisema, daktari anakutoa damu yako mwenyewe, anaizungusha kwenye mashine, kisha anakurudishia maji yake usoni kwa sindano ndogo ndogo. Ngozi inajiona imeumia, inaanza kujijenga upya. Eddah aliwahi kufanya usafi kwenye kliniki ya aina hiyo upande wa Kilimani, akatazama, akadhani amesomea. Yeye akaona damu ya mzee itabaki damu ya mzee. Kondo ndilo lenye nguvu ya utoto, lina seli changa zinazoweza kugeuka kuwa chochote. Akawa analiosha, analisaga, anazungusha, anachuja maji yake, na maji hayo ndiyo anayoyaingiza kwenye nyuso za wanawake.

"Na damu ya mama haipimwi?" nikauliza.

"Wenye kazi yao hupima. Eddah aliniuliza kama ni safi. Nilimwambia yametoka kwako, na wewe unawajua mama wote."

Kwa hiyo jina langu ndilo lililokuwa kipimo.

"La Mitchelle limetumika?"

Hanan akatazama saa ya ukutani. Kuna mteja, akasema, Wayua, mwenye duka la vyombo, anamwoza mwanawe Jumamosi. Alipangiwa saa saba mchana leo. Maji ya zamani yaliisha Jumanne, yatakayotumika ni ya Mitchelle. Ilikuwa saa saba kasoro ishirini na mbili. Nikamwambia apige simu. Akapiga mara tatu. Eddah akishika sindano huzima simu yake.

Tulitoka bila hata kufunika mchele. Hanan alikuwa na viatu vya bafuni. Tulipata boda moja tu, tukapanda sote wawili nyuma ya dereva, mshikaki, mimi katikati na buibui langu nimelikunja mapajani, na nikamwambia kijana wa watu apite popote penye njia. Tulitoka Olympic, tukaingia Kabarnet Road, tukafika Ngong Road. Mimi ninaogopa pikipiki. Siku hiyo niliogopa saa tu.

Karibu na Junction polisi wa trafiki akatusimamisha. Alikuwa na haki yake, tulikuwa watatu juu ya kitu cha wawili. Akataka dereva azime injini, akataka leseni, akataka kujua mimi na umri wangu sioni hatari. Nilishuka nikamwambia Hanan ashuke pia. Nilifikiri haraka. Nikimtuma yeye, Eddah atamgeuza kwa maneno mawili. Nikaenda mimi.

"Niambie mlango," nikamwambia.

"46, Mama, juu ya duka la magodoro, ghorofa ya pili, pazia la pinki."

Nilimwambia polisi abaki na huyu mkwe wangu, na leseni ya dereva kama anataka, mimi nina mgonjwa. Sijui aliona nini machoni pangu. Alirudisha leseni, akatupungia mkono tupite. Pale Dagoretti Corner magari yalikuwa yamefungana, dereva akapanda kando ya barabara kati ya wauza mitumba, watu wakamtukana, nami nikawatukana pia kwa Kinubi. Tulipoingia Naivasha Road simu yangu ilionyesha saa saba na dakika nne.

Ngazi za lile jengo zilikuwa za chuma. Nilizipanda nimeshika ukuta, kifua kinaniwaka. Nikasikia mlio mdogo kama wa nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Nikafungua pazia la pinki bila hodi.

Chumba kilikuwa safi, sitasema uongo. Kilikuwa na taa kubwa, friji ndogo, mashine ya duara juu ya meza, na kiti cha kulalia. Kwenye kiti alilala mwanamke wa miaka hamsini hivi, kitambaa kichwani, macho yamefumbwa. Eddah alikuwa ameinama juu yake, amevaa koti jeupe, kalamu nene ya sindano ikilia mkononi. Shavu la kushoto la yule mwanamke lilikuwa limejaa vitone vyekundu kuanzia jicho hadi taya. La kulia lilikuwa bado halijaguswa.

"Acha," nikasema.

Eddah alinyanyua kichwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrembo, mwenye sauti ya upole. Aliniambia mama, ngoja nje, wateja wanaingia mmoja mmoja. Nikamwambia asimguse tena huyo mwanamke, maji hayo yana ugonjwa. Wayua akafumbua macho. Eddah akamgusa bega, akamwambia alale tu, huyu mzee amepotea mlango. Alisema kwa utulivu kwamba dawa yake inatoka Korea, ina karatasi zake zote, na kalamu ikaanza kulia tena.

Nilimshika mkono. Nina mikono ya kuvuta watoto, hakuweza kuutoa. Ndipo Wayua alipojiinua kwa viwiko, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akageuka akatazama ukuta ulio nyuma yangu.

"Lakini si ni wewe?" akasema. "Wewe ndiye mama wa kwa picha."

Niligeuka. Nilikuwa ukutani. Picha mbili kubwa, kando kwa kando. Moja ni mimi siku ya Idi ya mwaka juzi, nimechoka, macho yameingia ndani, mdomo umezungukwa na mistari. Ya pili ni mimi siku ya Idi ya mwaka huu, nacheka, na shavu langu linang'aa kama la bibi harusi. Hanan ndiye aliyenipiga picha zote mbili. Chini yake paliandikwa kwa herufi nyekundu: MIAKA 67, NGOZI YA UTOTO. Na chini ya picha, kwenye rafu, palipangwa vikopo vyeupe vyenye vifuniko vya bluu, zaidi ya kumi.

Sikuhitaji kuelezwa. Miezi minane nilikuwa nimejipaka usoni kila nilipotoka kuoga. Nilijiona nikisimama njiani nikiwaambia watu dilka, dilka, na watoto wao wako mashavuni pangu. Nilikuwa bado nimemshika Eddah mkono, ila mshiko wangu ulilegea, naye aliliona hilo.

"Sasa mwambie," Eddah akasema, bado kwa upole. "Mwambie kama imewahi kukudhuru. Mama Wayua, huyu ametumia tangu mwaka jana. Muangalie."

Wayua aliniangalia. Alikuwa amekuja kwa ajili ya uso huo. Alikuwa na harusi Jumamosi, upande mmoja wa uso ulishachomwa, na nikaona wazi kwamba anataka niwe mwendawazimu. Angefurahi nikiondoka. Akaanza kulala tena.

Nilitazama chini nisije nikalia, na nikaona ndoo ya taka. Ndani yake, juu ya pamba na glavu, palikuwa na kipande cha leso ya njano yenye maua ya korosho, kimefungwa fundo langu. Fundo hilo nalifunga mimi peke yangu, kwa mtoto wa kike napitisha ncha mara moja, wa kiume mara mbili. Nilikiokota, nikakiweka mapajani kwa Wayua.

"Hiki kimetoka Korea?" nikasema. "Hii ni leso ya msichana anaitwa Mitchelle. Alijifungua jana alfajiri pale Kibera, mtoto wa kike. Kondo lake nililifunga mimi kwa kitambaa hiki. Leo damu yake imekutwa na ugonjwa wa ini. Huyu hakupima. Aliambiwa naijua, na mimi siijui damu ya mtu."

Eddah alisema mzee anatunga. Chupa hii ni nyingine, hata tarehe iko. Basi nikamwachia mkono, nikamwambia jambo moja tu.

"Kama ni ya Korea, jichome wewe. Hapo mkononi, mara moja tu, tukuone."

Kalamu ilikuwa bado inalia. Eddah aliitazama ncha yake, akautazama mkono wake, akalowesha midomo. Alisema yeye hana shida ya ngozi. Alisema ni gharama, haiwezi kupotezwa hivyo. Alikuwa bado anasema Wayua aliposhusha miguu chini, akasimama, kitambaa kikaanguka.

"Zima hiyo kitu," Wayua akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji.

Hanan aliingia wakati huo, anahema, kiatu kimoja cha bafuni kimekatika. Eddah akamgeukia haraka, akamwambia mwambie mama mkwe wako hii ni chupa ya zamani. Nilimtazama mkwe wangu. Nilijua kiti chake alichoahidiwa kilikuwa kimesimama pale kwenye kona, kipya, bado kimevishwa nailoni.

"Ya zamani iliisha Jumanne," Hanan akasema. "Hiyo ni ya Mitchelle, niliileta mimi jana." Kisha akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akaanza kuliosha shavu la Wayua kwa sabuni bila kuambiwa na mtu.

Tulimpeleka Wayua hospitali ya serikali iliyo karibu. Daktari alikuwa kijana, alituuliza maswali mpaka tukaishiwa majibu. Hakutupigia kelele, na afadhali angepiga. Alisema tumefika mapema, hilo ndilo la muhimu, kuna chanjo na kuna sindano nyingine ya kinga, zote akapewa, arudi baada ya mwezi na baada ya miezi sita. Mimi na Hanan tulitolewa damu pia. Daktari alitaka Eddah asimamishwe, nikampa jina, jengo na rangi ya pazia. Watu wa afya walipokwenda kesho yake walikuta chumba kitupu na misumari miwili ukutani.

Wayua hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi na bandeji shavuni, akaniuliza jambo lililoniuma kuliko lawama. Aliuliza kama kweli yanafanya kazi. Nilimwambia sijui. Sijui mpaka leo kama ni yale mafuta, au dilka, au ni kwamba mwaka huu nilikuwa na furaha.

Kabla hatujaondoka kwa Eddah nilikuwa nimefungua friji nikachukua kilichobaki cha kondo la Mitchelle, ndani ya kopo lake lile lile. Daktari alitaka lichomwe. Nilimwomba. Alinitazama, akanipa glavu jozi mbili na dawa ya kumwagia, akaniagiza nichimbe chini kadiri ya mkono mzima, nisiliguse tena. Nikamwambia kwa hilo mimi ndiye fundi.

Tulifika nyumbani saa kumi unusu. Nilichukua mtaimbo wa Khalid stoo, nikaenda uani, kati ya ukuta na bafu, nikaanza kuvunja simiti. Khalid alitoka chumbani, akauliza mama unafanya nini, simiti hii nimeimwaga juzi tu. Hanan alimwambia anyamaze. Sijui kama atabaki kuwa mkwe wangu wa kupendwa, ila hakuondoka pale, alizoa vipande kwa mikono yake na kuvirundika ukutani. Mikono yangu ilitoka malengelenge, na chini ya simiti udongo ulikuwa bado mweusi na una unyevu, kama nilivyouacha.

Adero alikuja jua likiwa linapungua. Alikuwa amembeba Jeremy mgongoni, kwa sababu Nashon yuko kazini na mama Jeremy anamsaidia Mitchelle. Jeremy alikuwa amelala, shavu limebonyea kwenye bega la bibi yake. Adero alitazama shimo, akatazama kopo, akanitazama mimi na glavu zangu.

Nilimwambia. Nilimwambia yote, kutoka simiti mpaka Kawangware, sikumficha hata picha ya ukutani. Nilimwambia kwamba nilimdanganya, kwamba mikono hii haijazika kitu tangu mwaka jana. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na sikupata mahali pa kutazama. Nilipomaliza alinyoosha mkono nikampa kile kipande cha leso ya njano, nacho nilikuwa nimekichovya kwenye dawa. Alikishika kidogo, akainama, akakiangusha juu ya kopo, na mimi nikafukia. Tulikanyaga udongo pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu.

"Biero ya huyu wa Mitchelle sasa naijua," akasema, akiliita kondo kwa Kijaluo chao. "Nitawaambia nyumbani iko hapa."

Kisha akamsogeza Jeremy mgongoni, akakaza leso, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Na ya Jeremy iko wapi?"

Mtoto aliamka akanitazama. Nilivua glavu zote mbili, moja baada ya nyingine. Sikuwa na ardhi ya kumwonyesha. Niliinua mkono nikaugusa uso wangu, nikauacha mkono pale, na Adero akaelewa.